Jicho Lililo Karibu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu, Tabora)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Wenzangu waliotangulia kusimama hapa wamezungumzia mahakama, hospitali na reli. Mimi ni mpiga picha wa Mtendeni, na wateja wangu wengi ni watoto. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu: namna ya kumpiga mtoto picha macho yake yakatoka wazi, bila ukungu. Mafundi tunaita fokasi, nami nitasema hivyo hivyo.

Najua wapo wanaoona hilo ni jambo dogo. Vijana, wengi wenu mmekwisha kwenda Kwihara kuliona tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huku huku Unyanyembe, Stanley alipewa na mfanyabiashara mmoja Mwarabu mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Akambadili jina, akamwita Kalulu, akaenda naye mpaka Uingereza. Mwaka 1872 mtoto huyo alipigwa picha katika studio mjini London. Mwaka 1877 akafa maji kwenye maporomoko ya Mto Kongo, bado kijana mdogo. Habari zake tunazipata kwa kalamu ya bwana wake, lakini uso wake tunao. Siku zile mtu alitakiwa atulie mbele ya lenzi sekunde kadhaa, na studio zilikuwa na vyuma vya kuegemeza kichwa kwa nyuma kisitikisike. Fundi yule aliifanya kazi yake sawasawa, na kwa sababu hiyo sisi leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, tunaweza kutazamana na mtoto aliyepita njia hii ya misafara. Kama mengine aliyotendewa yalikuwa ya haki, hayo muulizeni mwalimu wenu wa historia.

Sasa tuje Mtendeni. Mara kwa mara huingia dukani kwangu mzazi na simu mkononi. Mtoto amefariki, na picha iliyopo ni hiyo moja. Anataka ikuzwe iwekwe ukutani. Katika kioo cha simu picha inaonekana nzuri. Ninapoikuza, ninakuta kola ya shati iko wazi kabisa, uzi kwa uzi, na macho ni ukungu mtupu. Hapo hakuna dawa. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazodai kuondoa ukungu, lakini kwa hakika zinachora jicho jipya kwa kukisia. Mzazi analijua jicho la mwanawe. Mimi nikiombwa kazi hiyo namweleza mzazi wazi kwanza, naye ndiye huamua.

Kwa nini macho yakose wakati shati limepata? Lenzi huona vizuri umbali mmoja tu. Mbele yake na nyuma yake kuna nafasi ndogo inayovumilika, kisha ukungu. Chukua lenzi ya milimita 85, tundu lake likifunguliwa mpaka f/1.8, mtoto akiwa mita 2 mbele yako. Nafasi yote iliyo wazi ni kama sentimita 6. Toka ncha ya pua ya mtoto mpaka sikioni ni zaidi ya hapo! Ukilibana tundu mpaka f/8 unapata kama sentimita 26, ila sasa unahitaji mwanga mwingi zaidi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kulenga jicho lililo karibu nawe. Jicho la mbali likififia kidogo mtazamaji husamehe. La karibu likififia, picha imekufa.

Lakini si kila ukungu ni wa fokasi, na hapa ndipo vijana wengi wanapohangaika bure, wanabadili kamera wakati kosa si la kamera. Ikuze picha uitazame. Kama uso una ukungu lakini ukuta wa nyuma au kifungo cha shati kiko wazi, na ukungu wenyewe ni wa mviringo, laini, hapo fokasi imekosa mahali pake. Kama ukuta uko wazi na uso umeburuzwa upande mmoja kama rangi iliyopanguswa, basi mtoto alitikisika. Na kama vyote vimeburuzwa, ukuta, kiti na mtoto, uliyetikisika ni wewe. Kila ugonjwa una tiba yake. Kichwa cha mtoto kikigeuka kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, ambao si mwendo mkubwa kwa mtoto, basi katika sehemu ya 60 ya sekunde kimesogea milimita 8. Katika sehemu ya 250 ni milimita 2 tu. Kwa mtoto anayecheza mimi sishuki chini ya 250.

Kasi hiyo inataka mwanga, na mwanga Tabora tunao wa kutosha, hata wa kutuponza. Saa sita mchana jua liko utosini. Macho ya mtoto yanakuwa mashimo mawili meusi, na akiinua uso anakunja. Watu hukimbilia miembe yetu. Sawa, lakini tazama chini kwanza: kama kivuli kina matundu ya jua, mtoto atatoka na madoadoa kama chui. Mahali pazuri kuliko pote ni barazani, mtoto ameketi ndani kidogo ya kivuli, ameelekea uwanja ulio wazi. Mchanga wa uwanjani unarudisha mwanga chini ya nyusi zake, na utaona nukta nyeupe imeingia machoni. Nukta hiyo ndiyo ya kulenga. Epuka tu ukuta wa chokaa ulio juani nyuma yake, maana kamera hupima weupe ule, kisha uso wa mtoto wetu unageuka giza.

Halafu, shuka. Nimewaona watu wazima wamesimama wima wakimpiga mtoto wa miaka mitatu. Picha inatoka paji la uso na ndala. Kamera iwe sawa na macho yake, hata kama ni kupiga magoti vumbini. Katika hili zile Yashica za lenzi mbili, tulizozitazama kwa juu tukiwa tumezishika tumboni, zilitufundisha adabu bila kutaka. Filamu ile ilitoa picha 12 tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa za nje zilipokuwa adimu, hakuna aliyebonyeza ovyo.

Mtoto asiyetulia mkalishe kwenye kiti kilichogeuzwa, mikono yake ishike mgongo wa kiti. Atacheka, atageuka kulia na kushoto, lakini hataweza kuja mbele wala kurudi nyuma sana, na umbali ndio unaoutafuta. Kwa kamera isiyojilenga yenyewe ninatumia ugwe wenye fundo: nashika ncha moja kwenye kamera, mama anashika fundo pembeni mwa jicho la mtoto, nafungia fokasi hapo, ugwe unaondolewa. Sikukuu ya Idi, watoto wanapopanga foleni na nguo mpya, ugwe huo hunisaidia kuliko mashine yoyote.

Wenye simu (najua bwenini haziruhusiwi, Mwalimu, nasema ya likizo): futa kwanza lenzi kwa kitambaa laini, maana mafuta ya mfukoni hufanya ukungu. Gusa jicho la mtoto juu ya kioo, shikilia mpaka simu ikuambie imefunga. Usivute kwa vidole, sogea wewe. Ile namna ya kufifiza nyuma itumie kwa uangalifu, inakula masikio na nywele zilizosukwa. Piga kumi, kisha kuza kila moja mpaka kwenye jicho kabla mtoto hajaondoka kitini. Na umwombe mzazi ruhusa kabla ya kuipeleka picha popote.

Ndugu Mwenyekiti, naona nimepewa ishara ya muda. Kiti kiko pale barazani, ugwe ninao, na mwenzetu mmoja amekuja na wajukuu zake wawili ambao hawajatulia tangu asubuhi. Vijana wa kidato cha kwanza waanze, watano watano.