Unga wa Sokoni na Mlango wa Kizazi

Mama zangu na dada zangu wa Katoro, sokoni hapakosi mtu wa kukuuzia unga wa kuweka ukeni, akiapa kwamba unasafisha kizazi na kuzuia saratani.

Wanaokuuzia wana pa kushikilia: kuna utafiti wa dawa ya kuweka ukeni. Mmea wa pakanga, uliotupa dawa ya mseto ya malaria, ndio chimbuko la dawa iitwayo atesuneti. Huko Baltimore, Marekani, wanawake 28 wenye mabadiliko makubwa ya seli za mlango wa kizazi waliwekewa atesuneti ukeni; matokeo yalipochapishwa mwaka 2020, wanawake 19 mabadiliko yao yalikuwa yamerudi nyuma. Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu, nako wanaichunguza.

Lakini ile ni dozi iliyopimwa, na kila mwanamke alifuatiliwa kwa vipimo. Hakukuwa hata na kundi la kulinganisha, kwa hiyo bado ni utafiti. Unga wa sokoni nani kaupima? Mimi nisingeuweka. Na pakanga ya kuchemsha nyumbani siyo atesuneti.

Badala ya unga, kapime saratani ya mlango wa kizazi; kipimo chenyewe hakitishi. Muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, anaangalia. Seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Zikionekana, mara nyingi hutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwenye virusi vya UKIMWI asisubiri dalili, maana hatari kwake ni kubwa zaidi.

Binti wa miaka 9 hadi 14? Tangu Aprili 2024 chanjo ya kuzuia saratani hii ni dozi moja tu.