Mtoto Aambiwe Adabu kwa Uwazi



Umar bin Abi Salama alilelewa nyumbani mwa Mtume (S.A.W.). Siku moja, akiwa bado mtoto, mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima wakati wa kula. Mtume hakumwambia tu awe na adabu, bali alimwagiza mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Bukhari na Muslim wameipokea habari hii. Na Umar alidumu na adabu hiyo.

Mtoto apigwaye kwa kosa asilolijua hujifunza hofu, si adabu. Basi na aambiwe mapema, tena dhahiri: abishe hodi, aamkie wakubwa, arudi nyumbani kabla ya Magharibi. Na alikatazalo baba, mama asiliruhusu.

Wabillahi taufiq.