Kete za Mtoto ni Ngapi?

Juma hili siasa na bei za mazao tuziweke kando kidogo, tuzungumzie mchezo. Simaanishi mpira. Namaanisha mchezo wa kukaa chini, wewe na mtoto wako wa miaka minne, mitano au sita, na katikati yenu ubao na kete. Umchagulie mchezo gani? Swali laonekana dogo, lakini ndani yake limo jingine: je, unao muda wa kukaa naye?

Nilikuwa Kihanga, wilayani Karagwe, wakati wa msimu wa kahawa, nikirekodi mazungumzo na wakulima. Kwa wale wasiopajua, msimu huo ukiingia kwenye uwanja wa nyumba huna budi kuangalia unapokanyaga, maana kahawa ya maganda imeanikwa kila mahali. Katika uwanja mmoja nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, mbele yake mjukuu wa kike aliyepata miaka mitano. Chini wamechimba vishimo, mistari miwili, kila mstari vishimo vinne. Kete zao ni ile ile kahawa ya maganda, mbili mbili katika kila kishimo. Bibi wa nyumba alikuwa akiwaangalia kwa jicho la mhasibu, na alikwisha kuwaambia kwamba mchezo ukimalizika kila punje irudi kwenye mkeka.

Nikamwuliza mzee, "Shikamoo, mzee. Mbona bao lenu limekatwa?"

Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Hata shati la mtoto hukatwa."

Basi nikaacha kurekodi habari za kahawa nikakaa kutazama.

Hebu tufikirie jibu lile. Bao zima la Kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Ubao wa ukubwa huo huo, na kete idadi hiyo hiyo, ndio wanaotumia Waganda kwa omweso na Wanyarwanda kwa igisoro, kwa hiyo mtu wa Karagwe amezungukwa na mchezo huu pande zote za mpaka. Lakini bao la wakubwa ni zito. Kila mchezaji anaanza akiwa na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, anacheza namua mpaka za mkononi ziishe, ndipo aingie mtaji. Na hapo hatujasema habari za nyumba, lini ilale na lini isafiri. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao wanavyofikiri, na kazi hiyo ikampatia shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Sasa mchezo unaompa msomi udaktari, wewe unauweka mbele ya mtoto ambaye bado anaruka saba anapohesabu hadi kumi!

Wazee wa pwani walilijua hilo. Ndiyo maana kuna bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa ubaoni tangu mwanzo, mbili kila shimo, namua inarukwa na mnaanza moja kwa moja na mtaji. Mzee wa Kihanga alikwenda mbali zaidi, akapunguza na mashimo yenyewe. Yule binti alikuwa anachota kete anazitembeza moja moja, huku midomo inahesabu. Alipokosea, akatia mbili kwenye kishimo kimoja, babu hakusema neno. Alisubiri tu mpaka mtoto mwenyewe akashangaa kwamba mkono umekuwa mtupu kabla ya kufika alikokusudia. Akazikusanya, akaanza upya. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto themanini hawezi kusubiri hivyo hata akitaka.

Mjini kwetu tunafanya kinyume. Baba anakwenda dukani anamnunulia mtoto mchezo wa umri wa baba. Wengi huchagua drafti kwa sababu ndiyo wanayoijua kutoka kijiweni: visoda 12 vimetazama juu, 12 vimetazama chini, na kelele za watazamaji. Drafti ni mchezo mzuri sana, lakini haina huruma. Mwenye akili zaidi anashinda leo, kesho na keshokutwa. Ukicheza na mtoto wa miaka mitano una njia mbili tu. Umfunge kila mara, naye baada ya siku tatu hataki kuuona ubao. Au ujifanye umeshindwa. Na mtoto, msikilizaji, anakujua kuliko unavyodhani. Anamwona baba yule yule aliyekula kete nne kwa mkupuo kwa jirani, sasa eti haoni kete iliyoachwa wazi mbele ya pua yake.

Hapo ndipo dadu inapokuwa na heshima yake. Wapo wanaoidharau ludo kwamba ni mchezo wa bahati, hauna akili. Ni kweli ni wa bahati. Waingereza waliuandikisha kwa jina la ludo mwaka 1896, baada ya kuurahisisha kutoka pachisi ya Wahindi. Lakini bahati hiyo ndiyo inayomweka mtoto na baba sawasawa. Dadu haijui nani ana diploma. Mtoto akikushinda amekushinda kweli, wala hukumhurumia, na ile furaha utakayoiona usoni mwake haitakuwa na shaka ndani yake. Nyoka na ngazi ni vivyo hivyo, na kwa mtoto wa miaka minne nauona bora kuliko ludo, kwa sababu kila mmoja ana kete moja ya kuangalia, wala hakuna kukaa zamu tano ukingoja sita itoke. Ludo nayo ina jambo la kuliwa kete ikiwa hatua mbili kutoka nyumbani. Hilo linawatoa machozi hata watu wazima, nimeshuhudia. Kwa wadogo ondoeni sheria hiyo, muirudishe baada ya mwaka mmoja.

Mwenzangu mmoja hapa studio anasema tunawadekeza, kwamba mtoto afundishwe kushindwa mapema. Mimi kwa mtoto wa miaka minne sikubaliani naye. Atashindwa na dadu mara nyingi tu, tena bila kuhisi kwamba aliyemshinda ni baba yake. Akifika miaka saba au minane, mwenyewe atakudai mchezo usiokuwa na dadu. Hapo mletee drafti, na bao zima lenye namua na nyumba.

Kuna jambo la mabinti ambalo sitalipita. Barazani kwetu bao limekuwa mchezo wa wanaume, na binti akisogea hutumwa maji. Pale Kihanga kijana mmoja alipita na baiskeli yake ya ndizi, akacheka kumwona mzee anamfundisha bao mtoto wa kike. Mzee hakuinua hata macho; zamu ilikuwa yake. Mimi nasema kama kuhesabu kunafaa darasani kwa wote, basi na kwenye vishimo kunafaa kwa wote, na baba mwenye binti asingoje kupata mtoto wa kiume ndipo atoe ubao.

Na simu? Najua wengi mtaniambia michezo yote hii imo kwenye simu, ludo imo, drafti imo. Ni kweli. Lakini simu humrushia mtoto dadu, humhesabia nyumba, humsogezea kete. Kazi yote ambayo mtoto alipaswa kuifanya kwa vidole vyake imefanywa, amebaki kugusa kioo. Tena mara nyingi anacheza na simu, hachezi na wewe.

Tahadhari moja kabla sijaenda mbali. Mtoto aliye chini ya miaka 3 asiachiwe kete ndogo, iwe punje ya mahindi, haragwe au komwe. Huingia puani, huingia sikioni, na ikiingia kooni ni msiba. Baada ya mchezo zihesabiwe, kama bibi wa Kihanga alivyoagiza, ingawa yeye alikuwa na sababu zake.

Kwa ninyi mnaokaa kwenye sakafu ya saruji, ambako kuchimba vishimo haiwezekani, iko njia. Chukua trei tupu la mayai, lile la mayai 30. Lina mistari mitano ya mashimo sita. Kata mistari miwili, una bao la mashimo 12, sawa na lile la Ghana linaloitwa oware. Kule huweka kete nne kila shimo. Wewe anza na mbili, jumla 24. Mashimo sita ya upande wako ni yako, sita ya upande wa pili ni ya mtoto. Mchezaji anachota kete zote za shimo lake moja, anazitembeza moja moja kuzunguka. Ya mwisho ikiangukia upande wa mwenzake na kufanya shimo lile liwe na kete mbili au tatu, anazichukua. Mwenye nyingi mwishoni ndiye mshindi. Dakika kumi zinatosha kwa mtoto wa miaka mitano, na akianza kuzijenga kete mnara badala ya kuzitembeza, mwache ajenge, mtaendelea kesho.

Hadi juma lijalo, kwaherini.