Sauti na Mwenyewe: Akili Mnemba na Taarabu ya Unguja

Mnamo mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alisafiri hadi Bombay kutia nyimbo katika santuri. Sauti yake ikawa inasikika mahali ambapo yeye mwenyewe hayupo. Hata hivyo, santuri ilirudia yale tu aliyoyaimba. Akili mnemba (jina linalomkumbusha Mzanzibari kwanza kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya Matemwe) inakwenda mbali zaidi: ikilishwa rekodi za kutosha, huigiza sauti ya mtu, awe hai au marehemu, na kuiimbisha maneno ambayo mwenyewe hakuyatamka kamwe.

Kuiga kwenyewe si kosa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba nyimbo za Siti kwa miongo mingi, na wanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Mji Mkongwe, hujifunza kwa kumfuata mwalimu. Tofauti iko kwingine, nayo ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kisheria.

Taarabu hujengwa kwa fumbo. Maneno ya ua, ya ndege au ya chombo kilichokwenda mrama hayana maana kamili yakiwa karatasini. Maana hukamilika mwimbaji anapoyatamka mbele ya hadhira, na msikilizaji anaponyanyuka kwenda kumtunza huku akimtupia jicho hasimu wake. Mwimbaji akiulizwa alimkusudia nani, aweza kukana, kuomba radhi au kushikilia lake. Hata kukana ni namna ya kuwajibika. Mashine haina inayemkusudia, wala haina jirani atakayeiuliza kesho.

Sheria haitoshi hapa. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, lakini sheria za namna hiyo hulinda kwa muda. Kipimo cha chini cha Mkataba wa TRIPS wa 1994 kwa waimbaji ni miaka 50. Kwa kipimo hicho, ulinzi wa rekodi za 1928 ungekoma mwaka 1978.

Fasihi ya Kiswahili ina desturi ya zamani inayofaa zaidi. Watunzi wa tenzi walijitaja katika beti za mwisho, kama alivyofanya Mwana Kupona, na wanakili wa hati, mathalani Muhammad Kijuma wa Lamu, nao waliandika majina yao. Msomaji alimjua aliyetunga na aliyenakili. Wimbo wa mashine nao hauna budi kutaja sauti ni ya nani, maneno ni ya nani, na idhini imetoka kwa nani.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Warithi waweza kuruhusu rekodi ya kale isafishwe na kuchezwa, na hiyo ni kazi njema. Kumtungia marehemu fumbo jipya ni jambo jingine. Siti alifariki mwaka 1950. Fumbo litakaloimbwa leo kwa sauti yake litamchoma mtu aliye hai, na mtu huyo hatakuwa na wa kumwuliza.