Mtoto Mchanga Mahali pa Kazi: Tumpokee au Tumrudishe?

(Muhadhara uliotolewa mbele ya walimu na wajumbe wa kamati za madrasa)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, Masahaba zake na waliowafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, nimepewa mada ya wazazi wanaokwenda na watoto wadogo kazini. Ningeweza kuanza na maofisi na mabenki, lakini huko kungekuwa kuwasema majirani na kuiacha nyumba yetu. Naanza na sisi.

Katika madrasa moja niliyopata kusomesha, alikuwepo ustadha aliyewafundisha mabinti tajwidi na fiqhi ya twahara. Alipojifungua alipumzika, kisha akarejea na mwanawe wa miezi minne. Mtoto alilazwa juu ya mkeka pembeni mwa darasa. Akilia alinyonyeshwa, na somo likaendelea. Baadhi ya wazazi wakalalamika. Kamati ikakaa, na katika kikao hicho nilikuwamo. Tukaandika barua fupi kwamba madrasa si mahali pa kulelea watoto, hivyo achague moja. Akamchagua mwanawe, na nani angechagua vingine? Mabinti wale wakahamishiwa kwa ustadhi mwanamume. Yale maswali ambayo binti anayekaribia kubaleghe humuuliza mwanamke mwenzake, yakakosa wa kuulizwa. Mimi sikunyanyua mkono kupinga. Nayasema haya leo kwa sababu nimeitafuta dalili ya kisheria ya barua ile na sikuipata.

Dalili nilizozikuta zinaelekea upande mwingine. Hakuna kazi tukufu kuliko swala, wala hakuna aliyeshughulika zaidi ya imamu aliyesimama mbele ya watu. Al-Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Qatada (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali hali amembeba Umama, binti wa bintiye Zaynab, anaposujudu humweka chini, anaposimama humbeba tena. Katika mapokezi ya Muslim imebainishwa kuwa alikuwa akiwaswalisha watu. Zingatieni ni nani aliyembeba mtoto yule. Hakuwa mama yake. Alikuwa babu yake, naye ndiye imamu. Sisi kila tunapoijadili mada hii tunamuuliza mama peke yake, kana kwamba mtoto hana baba.

Imepokewa pia kwamba alikuwa akiingia katika swala akinuia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuchelea kumtaabisha mama yake. Hakutuma mtu amwambie mama yule kesho abaki nyumbani. Aliifupisha kazi yenyewe.

Najua wapo watakaonijibu kwa ile hadithi iliyomo katika Sunan ya Ibn Majah, inayoamrisha watoto wawekwe mbali na misikiti. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha; miongoni mwa wapokezi wake yumo al-Harith bin Nabhan, ambaye ni mtu aliyeachwa. Inasikitisha kuwa hadithi dhaifu imebandikwa katika ndimi za watu wetu, na zile sahihi mbili haziwajii wanapomwona mtoto safu ya nyuma.

Kasoro hii si yetu peke yetu. Mwezi Agosti mwaka 2019, Bi. Zuleikha Hassan, dada yetu wa Kwale aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti hiyo, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kenya na mwanawe wa miezi mitano. Alikuwa amepatwa na dharura, na ilikuwa ama abaki nyumbani ama aje naye. Aliyekuwa kitini akamwamuru atoke, na baadhi ya wabunge wanaume wakapiga kelele. Kwa kanuni za Bunge mtoto yule alihesabiwa mgeni asiyeruhusiwa ukumbini. Nchi hiyo hiyo, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ilikuwa imekwisha kuwataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea.

Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirejea, mwajiri anatakiwa amruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Sasa linganisheni na aya ya 233 ya Suratul Baqarah. Huko Allah (S.W.) ametaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza unyonyeshaji, akaweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama, na akakataza mama au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wao. Baina ya siku 84 na miaka miwili kuna takriban miezi ishirini na moja. Na zile saa mbili, kwa mama anayekaa Mbagala na kufanya kazi Kariakoo, zitamalizikia ndani ya daladala, ikiwa mtoto hayupo karibu.

Watasema wengine: dawa ni mwanamke akae nyumbani, matumizi yawe juu ya mume. Asili ni hiyo, wala sibishani nayo. Lakini yupo mjane, yupo aliyeachwa na watoto watatu na baba yao haleti hata kilo ya unga. Kisha kuna jambo linalotuhusu sisi wanaharakati wa islahi zaidi ya wengine. Sisi ndio tunaodai kwenye mimbari kwamba wake zetu wazalishwe na wakunga wanawake, na mabinti zetu wasomeshwe na wanawake. Tunawahitaji, tunawaita, kisha wakizaa tunawafungia mlango. Tulitarajia hao wakunga na walimu wawe wanawake wasiozaa?

Hata hivyo, sisemi kila mtoto aende kila mahali. Gereji yenye tindikali ya betri, jiko la mama lishe lenye karai la mafuta ya moto, wodi ya wagonjwa: hapo kumpeleka mtoto ni kumhatarisha, na kuzuia madhara ni wajibu. Vilevile muda wa kazi ni amana. Mgonjwa hasubiri dirishani huku muuguzi akimkimbiza mtoto wa miaka minne ukumbini. Kunyonyesha kuna kiasi chake, mtoto wa kukimbia hana kiasi.

Na wapo wazazi, hasa wafanyabiashara, wanaomweka kijana wa miaka saba nyuma ya kaunta ya duka tangu asubuhi hadi magharibi. Ukiuliza unaambiwa anajifunza kazi. Chuoni haonekani, shuleni anakwenda siku mbili. Huyo hakuletwa kazini, amefanywa mfanyakazi, na sheria niliyoitaja inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Ummu Sulaym alimpeleka mwanawe Anas (R.A.), akiwa na miaka kumi hivi, amtumikie Mtume (S.A.W.). Anas alikaa naye takriban miaka kumi, akaja kutuhadithia kwamba hakuwahi kuguniwa wala kusutwa kwa alilofanya au aliloacha, na akawa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa hadithi. Anayetaka kumtoa mwanawe dukani kwa hoja ya Anas, basi na atazame Anas alitoka na nini.

Nirudi kwa kamati zetu. Hatuhitaji jengo jipya. Pazia, mkeka, na mwanafunzi mkubwa wa kike wa kumshika mtoto kwa dakika kumi, vinatosha. Vipindi vya mwalimu anayenyonyesha vipangwe viwili viwili, na baina yake pawe na mapumziko. Mzazi atakayelalamika aelezwe hadithi ya Umama kabla malalamiko yake hayajafika kikaoni.

Ustadha niliyemtaja, mwanawe sasa anatembea. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwao, nikazungumza na mumewe, nikamwomba radhi, na nikampa barua nyingine ya kumwita mkewe arejee. Hakunijibu papo hapo. Alisema atamsikiliza mwenyewe kwanza. Darasa la mabinti bado halina mwalimu mwanamke.

Wabillahi tawfiq.