Sura ya Mjumbe na Majina ya Wachukuzi

Waheshimiwa wazee, na nyinyi vijana wa mji huu wa Bujumbura, katika mji wa Salem, nchi ya Marekani, imehifadhiwa ndani ya makumbusho ya Peabody Essex sura ya mtu aliyetoka Unguja, iliyochorwa kwa rangi za mafuta. Jina lake ni Ahmad bin Naaman al-Kaabi.

Katika mwaka wa 1840 Sayyid Said bin Sultan alimtuma kwa marekebu iitwayo Sultana, naye akatia nanga New York tarehe 30 Aprili. Ndani mlikuwa na pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, kahawa na tende, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren, miongoni mwake farasi wawili na lulu. Sheria ya nchi ilimzuia Rais kujitwalia zawadi za mfalme, basi zikapokewa kwa ajili ya taifa. Wenyeji wakaitengeneza marekebu bila ya malipo, na wakuu wa mji wakamwagiza Edward Mooney amchore mgeni wao. Akachorwa na kilemba chake, wala hakuazima vazi la wenyeji.

Kuchora viumbe vyenye roho wanavyuoni wana kauli zao, na wengi wamekukataza. Lakini lipo funzo lisilohitaji rangi.

Biashara ile ndiyo iliyoleta nguo ya merikani. Ilipanda na misafara kutoka pwani hata Ujiji, ikavuka kwa mitumbwi hata fuko hizi za Tanganyika. Na pembe zikashuka kwa njia hiyo hiyo. Waliozichukua mabegani, waungwana na watumwa, hakuna aliyewachora. Sura moja imedumu kwa kuwa mji mzima uliigharimia. Nyuso maelfu zimepotea.

Wazee waliokaa Buyenzi mwanzo, ambao wengi wao asili yao ni Ujiji na Manyema, nao hawakuachiwa sura ukutani. Basi kila nyumba na itwae daftari. Aliye na mzee na amwulize: baba yako nani, babu yako nani, alitoka wapi, alichukua mzigo wa nani? Jina la mchukuzi na liandikwe kwa wino ule ule wa jina la tajiri, wala asifichwe aliyekuwa mtumwa.

Mjumbe alitukuzwa na waliompokea. Mchukuzi hana wa kumtukuza ila wajukuu wake.