Zawadi ya Sikukuu kwa Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum: Tuchague Vipi?

(Mazungumzo na wazazi na walezi wa Shanzu kabla ya likizo ya Desemba)

Najua wengine mmetoka Mtopanga na Utange, na mwengine amembeba mtoto mgongoni mpaka hapa. Sitawachosha.

Tulikubaliana leo tuzungumze zawadi za sikukuu. Mtu wa nje akitusikia atasema: hawa watu wana shida ya karo, shida ya dawa za kifafa, shida ya viti vya magurudumu, na bado wanakaa kujadili vitu vya kuchezea? Mimi nasema ndiyo, tuvijadili, tena kwa makini.

Sababu yangu ni hii. Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu. Kwa kalenda ya 2025 shule zilifungwa mwishoni mwa Oktoba, zikafunguliwa mapema Januari 2026. Hizo ni kama wiki 10. Mtoto anayesoma Shule ya Vipofu ya Likoni, au shule ya Port Reitz kule Changamwe, au shule ya viziwi ya Ziwani, anarudi nyumbani na mambo aliyofunzwa kwa taabu: kuvaa mwenyewe, kusoma kwa vidole, kuzungumza kwa mikono. Akikaa wiki 10 juu ya mkeka bila kitu cha kufanya na bila mtu wa kumsemesha, mafunzo yale yanapungua. Januari mwalimu anaanza naye nyuma. Zawadi iliyochaguliwa vizuri inaweza kuyashikilia mafunzo hayo nyumbani. Kwa hiyo tusiseme ni mchezo tu. Na hata mchezo wenyewe ni haki ya mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto unasema hivyo katika kifungu cha 31, na Kenya iliuridhia mwaka 1990.

Tunavyokosea

Nikitembelea nyumba wakati wa sikukuu naona mambo matatu. La kwanza, watoto wengine wamevaa nguo mpya na huyu wetu hana kitu. Ukiuliza unaambiwa, "Huyu hajui lolote, dada." Jamani, anajua. Anawaona ndugu zake wakifurahia vyao. La pili, kijana wa miaka 14 ananunuliwa kichezeo cha mtoto mchanga, eti kwa sababu akili yake haijakua. La tatu, pesa nyingi zinatumika kwa kitu cha betri kinachopiga kelele na kuwakawaka taa, wageni wanakisifu, na mtoto mwenyewe anakiogopa.

Maswali manne kabla ya kwenda sokoni

Kabla hujaenda Kongowea au Mwembe Tayari, jiulize maswali manne.

1. Mtoto wangu anajua mambo kwa njia gani: kwa macho, kwa masikio, au kwa kugusa?

2. Mikono yake inaweza nini sasa hivi: kushika, kubana, kusukuma, kufungua?

3. Anapenda nini yeye mwenyewe, si mimi? Wengine wanapenda maji, wengine muziki, wengine kupanga vitu.

4. Nani atacheza naye?

Hayo maneno ya umri yaliyoandikwa kwenye paketi yaliandikwa kwa mtoto ambaye aliyeandika hakumjua wako. Angalia mtoto wako anafanya nini leo, umpe kitu cha kumsogeza hatua moja mbele. Kikiwa rahisi mno atakitupa, kikiwa kigumu mno atalia. Lakini heshimu umri wake pia. Kijana wa miaka 14 ni kijana, hata kama hesabu zake ni za mtoto wa miaka 5. Mpe mpira wa kweli, kofia, redio ndogo, ndoo yake ya kuchotea maji, au jembe dogo la kulimia mchicha. Msichana mpe leso yake mwenyewe, au sufuria ndogo ajifunze kupika pamoja na mamake.

Usipojua uanzie wapi, muulize mwalimu wake siku ya kufunga shule: "Kwa sasa mnamfunza nini?" Na kwa mtoto ambaye hajaanza shule, nenda kituo cha serikali cha tathmini ya elimu. Vituo hivi vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Kazi yao ni kumpima mtoto na kumshauri mzazi.

Mifano michache

Mtoto asiyeona anataka kitu cha kugusa na kusikia. Tengeneza mpira wa matambara, ndani tia kopo dogo lenye kokoto, ushone vizuri. Akiusikia atauandama. Duniani vipofu wana mchezo mzima wa mpira wenye kengele, unaitwa goalball, na unachezwa katika mashindano ya Paralimpiki tangu 1976. Dhumna pia ni nzuri, kwa kuwa vitone vyake vyahesabika kwa kidole. Chagua zile zilizochongwa vishimo, si zilizopakwa rangi tu.

Mtoto kiziwi anaonewa sana likizoni. Shuleni ana wenzake wa kuzungumza nao, nyumbani hakuna ajuaye hata ishara 10. Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, lakini kwenye sinia yetu ya pilau hatuijui! Zawadi yake kubwa haiuzwi. Kila jioni akae mbele awafunze nyumba nzima ishara moja: maji, njoo, nimeshiba, nakupenda. Mnunulie daftari na penseli za rangi achore kila ishara na maana yake. Siku ya sikukuu atakuwa na watu wa kuzungumza nao.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mikono yake imekaza, anataka vitu vinene vya kushika. Penseli, kijiko au brashi, vizungushie kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka viwe vinono. Mchongee bao la mashimo makubwa, na badala ya komwe tumia mbegu kubwa zaidi au vifuniko vya chupa. Na mkalishe vizuri kwanza, mgongo umeegemea na miguu imekanyaga, ndipo mikono yake ifanye kazi.

Mtoto mwenye usonji mara nyingi hapendi mambo ya ghafla. Puto likipasuka, fataki, spika ya jirani, hayo kwake ni mateso. Mpe kitu anachokipenda hata kama wewe huoni maana yake: vifuniko vya kupanga kwa rangi, kamba ya kusokota, bembea chini ya mwembe. Mwonyeshe zawadi mapema, usimfungulie mbele ya watu 20.

Nguo na viatu

Hapa Pwani zawadi ya sikukuu, iwe Krismasi au Idd, ni nguo kwanza. Basi tuzichague kwa akili. Mtoto anayejifunza kuvaa mwenyewe mnunulie suruali ya mpira kiunoni na shati la vifungo vikubwa. Akifaulu kuvaa bila msaada asubuhi ya sikukuu, hiyo ni zawadi mara mbili. Aliye kwenye kiti cha magurudumu asivalishwe dera refu linaloburura, litanaswa na gurudumu. Mwenye vyuma vya miguu usimkadirie kiatu kwa uzi. Mpeleke mwenyewe kwa fundi na vyuma vyake. Mwenye usonji mkatie zile lebo za shingoni, zinamkera. Na kama nguo imeshindikana, basi mafundi wapo karibu. Hapa hapa Shanzu wasichana wenye ulemavu wamefunzwa ushonaji katika karakana ya Girl Guides, na Bombolulu wenye ulemavu wanafanya kazi ya mikono tangu 1969. Mpeleke mtoto wako akaone watu kama yeye wakifanya kazi. Matembezi hayo nayo ni zawadi.

Tuangalie hatari

Nawaomba tafadhali, haya msiyasahau.

- Mtoto anayetia kila kitu mdomoni, hata akiwa na miaka 10, asipewe vitu vidogo. Chukua lile bomba la karatasi la katikati ya karatasi ya choo. Kitu kinachopita humo kinaweza kumkaba.

- Betri ndogo za mviringo kama sarafu ni hatari kubwa. Zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Usingoje kesho, kimbia hospitali.

- Kwa baadhi ya watoto wenye kifafa, taa za kuwakawaka huweza kuleta kifafa. Muulize daktari kwanza.

- Wageni huleta peremende, bisi na njugu. Mtoto anayemeza kwa shida anaweza kukabwa. Waambie wageni mapema: "Shangazi, mletee ndizi au maembe laini, tutamponda."

Kama pesa hakuna

Wengi wetu hapa tunategemea vibarua vya mahoteli na biashara ndogo ndogo ufuoni, na msimu ukiwa mbaya mfuko uko mtupu. Nina pendekezo. Mwaka 1963, mjini Stockholm, Sweden, wazazi na walimu wa watoto wenye ulemavu walifungua mahali pa kuazima vitu vya kuchezea, kama maktaba ya vitabu. Wakapaita Lekotek. Wazo hilo limeenea nchi nyingi.

Sisi hatuhitaji jengo. Tunahitaji sanduku moja na daftari. Kila mzazi alete kitu kimoja tu, cha kununua au cha kutengeneza: gari la waya, mpira wa kokoto, bao, picha zilizobandikwa kwenye kadibodi. Mtoto achukue kimoja, baada ya wiki 2 arudishe, achukue chengine. Ikiwa tuko familia 15, kila mtoto ana vitu 15 vya kuchezea kwa bei ya kimoja. Vioshwe kwa sabuni kabla ya kubadilishana, na kilichovunjika kitolewe.

Mwisho, lile swali la nne: nani atacheza naye? Hapo ndipo zawadi nyingi hufia. Mpira bila wa kuurudisha ni tambara tu. Kwa hiyo ukimnunulia huyu, mnunulie na nduguye kitu, hata kidogo, asione wivu. Halafu umpe kazi: nusu saa kila siku, nyinyi wawili. Baba nawe usijifiche kibarazani. Watoto wetu wamezoea kushikwa na mama wakati wa kuoshwa na kulishwa. Wengi wao hawajawahi kuchezeshwa na baba.

Sasa kabla ya chai, kaeni vikundi vya watu watano, mjibu haya:

1. Mtoto wangu anaweza kufanya nini leo ambacho mwaka jana hakuweza?

2. Ni kitu gani kimoja nitakachomtengenezea kabla ya sikukuu, na nani atanisaidia?

3. Nani nyumbani kwangu atacheza naye kila siku? Mtaje kwa jina.

4. Je, tuanze sanduku letu? Nani atashika daftari?